Jeshi la Mkwaja Lilivyoiteka Raskazone

Duka letu lilikuwa Usagara, mjini Tanga, la kupiga chapa, kutoa fotokopi na kuuza madaftari, na biashara ilikuwa nzuri kwa sababu mambo ya watu wengine yalikuwa mabaya.

Ilikuwa miaka ile ya kupunguzwa kazi. Viwanda vinauzwa, mashamba ya mkonge yanabadilisha wenyewe, ofisi zinaambiwa zibaki na watu wanaotosha. Redioni waliita mageuzi ya uchumi. Sisi dukani tuliita msimu. Asubuhi anakuja karani wa shamba na orodha ya majina, tunapiga chapa barua za kuwaachisha kazi. Haipiti wiki mbili, wale wale wa kwenye orodha wanaingia mmoja mmoja kutaka barua za kuomba kazi. Mama mpiga chapa aliwajua kabla hawajajitaja.

"Wewe ndiye wa stoo. Miaka kumi na tisa," angemwambia mtu. "Kaa hapo baba, nikuandikie barua ya maana."

Mama huyo alikuwa Mshambaa wa milimani, Mlutheri, mnene wa mikono na mwepesi wa vidole. Niliingia dukani na cheti cha darasa la saba na ndoto tofauti kila wiki: mara niwe nahodha, mara mtangazaji wa mpira. Yeye hakuzicheka. Alinifunika mikono kwa kitenge ili nisione herufi za taipureta, akasema, "Ota utakavyo, lakini vidole viwe hapa." Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi. Shuleni sikujifunza kitu kwa uvumilivu kiasi hicho.

Kisha ikaja kompyuta. Bosi, Mhindi wa hapa hapa Tanga, mpole, mwenye miwani ya kamba, aliletewa na shemeji yake kutoka Dubai, imevingirishwa blanketi kama mgonjwa. Kompyuta ilikuwa na tabia moja mbaya: ilikumbuka. Barua ya kuachisha kazi ukishaiandika mara moja, inakaa humo. Kazi yako ni kubadilisha jina. Nilichopiga siku nzima na mama, sasa nilimaliza peke yangu kabla ya adhuhuri. Bosi akaanza kumtazama mama kama mtu anavyotazama kabati kubwa kwenye chumba kidogo.

Mwanzoni mwa Ramadhani akanivuta pembeni. "Kijana, mashine moja inatosha. Mama nitazungumza naye baada ya Idi. Usimwambie, tusimharibie mwezi."

Nilisema, "Sawa, mzee." Hilo ndilo nililosema, na lazima niliandike hapa, maana mengine yote yaliyofuata niliyafanya kwa sababu nilisema sawa.

Ndani ya kompyuta mlikuwa na mchezo, uliokuja kama panya anavyokuja ndani ya gunia la mchele, hakuna aliyeuagiza. Ni mchezo wa falme. Unapewa mji mmoja, askari wawili, na ramani nyeusi tii inayofunguka kadiri unavyotembea. Unacheza zamu yako mpaka umalize, kisha unampisha mwenzako kwenye kiti. Hakuna haraka. Unaweza kwenda kuswali ukarudi, ukamkuta adui amesimama pale pale na mkuki wake anakusubiri kwa adabu. Kwa duka mchana wa Ramadhani, wateja wachache, watu wawili wamefunga na wa tatu, mama, anakula wali wake nyuma ya pazia kwa heshima yetu, mchezo huo ulifaa sana. Bosi akaweka kanuni: asiyekuwa na zamu ahudumie wateja.

Unaruhusiwa kuipa miji majina. Mji wangu mkuu niliuita Mkwaja, kwa kuwa ndiko kwa mama yangu mzazi. Bosi wake akauita Raskazone, ambako alikuwa akitamani kununua nyumba tangu ujana wake.

Bosi alitawala kama alivyouza madaftari. Kila alipopata nafasi alijenga soko, kisima, barabara, soko jingine. Askari alimwona ni hasara inayotembea. Ni kweli kwamba kila askari alikula kwenye hazina kila zamu, apigane asipigane. Mji mmoja uliweza kulisha watatu. Wa nne alikula mbegu.

Mimi nilijenga askari. Kompyuta iliponiuliza nijenge nini, naona picha: soko lilikuwa soko tu, lakini askari alikuwa na uso. Akijeruhiwa anafungwa kitambaa kichwani na bado anasimama wima. Nilipokuwa nao wengi mno ilinipasa nibonyeze mahali niwaachishe wachache. Kompyuta ikauliza kwa Kiingereza kama nina hakika. Kiingereza changu kilitosha kuelewa swali hilo, na sikuwa na hakika.

"Unao askari wangapi?" bosi akaniuliza siku moja, akiniinamia begani.

"Kumi na wanane, mzee."

"Na mjini kuna watu wangapi?"

"Ishirini."

"Haya. Basi hao wawili kazi wanayo." Akacheka mpaka akakumbuka kwamba amefunga, akaacha.

Hapo ndipo wazo likaniingia. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na wazo likiniingia nilikuwa sina pa kulifungia nje. Niliona hivi: bosi ni mtu wa haki, anaamini anachokiona. Nikimwonyesha kwenye kioo, kwa macho yake, ufalme ambao haukumwachisha hata mtu mmoja na bado ukaishi, ukashinda kabisa, ataelewa. Atatoka kwenye kiti, atamtazama mama pale kwenye taipureta, aseme, basi, abaki. Sikumwambia mtu. Nilihesabu siku zilizobaki mpaka Idi na nikaanza kutawala kwa nia.

Kutawala kwa nia ni kugumu. Askari kumi na wanane walimaliza hazina, kwa hiyo ikabidi niteke mji jirani nile kodi yake. Mji uliotekwa unataka walinzi, la sivyo unaasi, nikajenga walinzi. Walinzi nao wanakula. Nikateka mji wa pili kuwalisha wa kwanza. Nilipofika Pangani na Muheza, yaani miji niliyoipa majina hayo, nilikuwa na askari arobaini, na katika ramani nzima sikuwa na soko hata moja. Watu wangu walikuwa na amani, bendera, na njaa.

Mama alipita nyuma yangu na sufuria yake tupu akielekea kuiosha. Akasimama.

"Hawa watu wako wanakula nini, mwanangu?"

"Hazina, mama."

"Na hiyo hazina yenyewe inakula nini?"

Nikamwambia aningoje kidogo, nafikiri. Akasema, "Fikiri," akaenda zake kuosha sufuria.

Zilipobaki siku tano, hazina ilibaki na zamu mbili. Ya tatu askari wangeanza kutoroka wenyewe, kompyuta ilikuwa haina huruma na hilo. Nikaiangalia ramani. Miji yote iliyonizunguka nilikuwa nimeishakula. Chakula kilichobaki duniani kilikuwa Raskazone: masoko sita, visima, barabara nzuri ya kutembeza jeshi, na langoni mlinzi mmoja.

Nikawapeleka wote huko. Arobaini, wenye vitambaa na wasio na vitambaa, wakashika barabara aliyoijenga bosi mwenyewe. Zamu ya kwanza wakafika nusu ya njia. Bosi akaketi, akawaona, akasema, "Wanakwenda wapi hawa, harusini?" akajenga soko la saba, akasimama kumpimia sista wa misheni karatasi za mtihani. Sista alikuwa mtu wa kuchagua. Alitaka nyeupe zaidi, kisha nene zaidi. Bosi alipogeuka, bendera ya Mkwaja ilikuwa inapepea Raskazone.

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akavaa, bendera bado ipo. Sista akalipa mwenyewe akaondoka. Adhana ya alasiri ikaita, bosi akaenda, akarudi, akakaa kwenye kiti cha wateja badala ya chake.

"Kijana," akasema, "leo umenifundisha jambo."

Moyo wangu ulifanya kama kuku aliyefunguliwa tenga. Nilimtazama mama. Alikuwa anabadilisha utepe, vidole vyeusi kwa wino, hajui kitu.

"Masoko saba," bosi akasema. "Mlinzi mmoja. Mmoja! Na hapa nina nini? Kufuli."

"Mzee?"

"Juzi duka la vitenge hapo la tatu wameingilia darini. Wamebeba mpaka feni. Na mimi nimeweka kompyuta hapa, nimeweka fotokopi, nalala usingizi. Wewe umekuja na watu wenye njaa ukanimaliza nikiuza karatasi." Alikuwa na furaha ya mtu aliyepona ugonjwa. "Baada ya Idi naweka walinzi. Wawili. Mmoja wa mchana, mmoja wa usiku."

Nilisema walinzi ni jambo jema, lakini mzee, si umeona pia kwamba mimi sikumpunguza mtu? Nilisema hivyo kwa sauti ya chini sana, na bosi akasikia nusu.

"Nimeona! Nimeona ulivyohangaika na hazina. Ukiongeza jeshi lazima upunguze pengine. Hilo nalo nimelichukua kwako."

Idi ikaja, tukala pilau, tukapeana mikono. Siku ya kufungua, mlangoni walisimama wanaume wawili wenye sare za buluu na virungu, wote kwa pamoja kwa sababu hawajagawana zamu bado. Walitusalimu kwa kupiga saluti. Mama akawaitikia, "Marahaba wanangu," akapita kwenda mezani kwake.

Bosi akanijia taratibu. "Ile barua ya mashambani. Badilisha jina."

Nikaifungua. Mahali pa jina palikuwa panametameta kama kawaida, pananisubiri. Niliandika herufi ya kwanza nikaifuta. Nikaandika tena. Vidole vilikuwa mahali pake, kosa halikuwa kwenye vidole. Sijui nilikaa pale muda gani, najua tu kwamba nilisikia kiti cha mama kikisogea, kisha pumzi yake begani.

Alisoma. Kwenye kioo palikuwa na herufi moja ya jina lake, na hiyo ilimtosha.

"Toka," akasema, lakini si kwa ukali. Nikainuka, kumbe hakutaka kiti changu. Alirudi mezani kwake, akapanga karatasi tatu na kaboni mbili katikati, akaziingiza kwenye taipureta, akazilinganisha kwa kidole gumba. Kisha akaandika. Sote tulimsikia, mpaka mlinzi wa mlangoni aligeuka. Katikati alisimama akasema, bila kumwambia mtu hasa, "Hapa mmeweka masikitiko mwishoni. Masikitiko hukaa mwanzoni, halafu ndiyo unaeleza," akaendelea. Alipomaliza alizitoa, akazisoma zote tatu, akaenda kumwekea bosi mbele yake.

"Nakala yako, nakala yangu, nakala ya faili. Weka sahihi hapa."

Bosi alitia sahihi akiwa amesimama. Sijawahi kumwona mtu anaaibika kwa adabu namna ile. Akamuuliza kama kuna kitu kingine anachokitaka, zaidi ya haki yake.

"Hii mashine," mama akasema, ameweka kiganja juu ya taipureta. "Nyie hamna kazi nayo."

"Chukua, chukua," bosi akasema upesi, na nadhani hapo alipumua mara ya kwanza tangu asubuhi.

Nilimsaidia kuibeba. Tuliitia kwenye kikapu kikubwa cha ukindu, kila mtu mkono wake, tukashika njia ya mahakamani, ambako alisema kuna baraza lenye kivuli na watu wanaotaka kuandikiwa hati za kiapo hawakosi. Taipureta ni nzito kuliko unavyodhani. Kila hatua chache tulitua, tukabadilishana mikono. Tulipotua mara ya tatu ikanitoka yote: zile siku za Ramadhani, askari arobaini, Raskazone, kwa nini nilicheza vile, na kwamba nilijua tangu mwanzo wa mwezi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kucheka. Alicheka akashika kiuno, akakaa juu ya kikapu chenyewe, watu wakawa wanatupita na kututazama.

"Yaani mimi, mtu mzima, umenipigania humo ndani ya kompyuta?"

"Ndiyo, mama."

"Na umeshinda?"

"Nimeshinda."

"Loo." Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Na mzee anakaa hatua mbili kutoka kwako mwezi mzima. Kwa nini hukumwambia kwa mdomo?"

Nilitaka kumwambia kwamba yeye ni bosi, kwamba mimi ni darasa la saba, kwamba nani angenisikiliza. Nilichoona ni kwamba wazo hilo halikunipitia kabisa akilini. Nilikuwa nimeteka miji minane ili nisiseme sentensi moja.

"Ungemwambia nini, hebu?" akauliza. Hakuwa anacheka tena.

"Ningesema..." Nikaanza upya pale pale barabarani, mchana kweupe, mbele ya mwuza machungwa. "Ningesema mama abaki. Kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha."

Halafu akainuka kutoka juu ya kikapu, akakung'uta kitenge chake.

"Haya, umesema," akasema. "Sasa shika upande wako vizuri, usije ukaniangushia mashine."