Tulivyoenda Kumwona Mama Mkwe Ukutani Nairobi

Macho ya bibi yangu, Mama Mwenda, imeanza kuisha. Daktari alimwambia ajipange tu, giza inakuja. Akasema sawa, lakini kwanza aone uso wa mamake. Sasa, mama mkwe aliogopa kamera kuliko chui, alikufa bila kuacha picha hata moja. Ila kuna mchoraji alilala kwetu Githongo zamani, msimu wa kahawa, akamchora. Juzi kijana wetu Mwenda akaambiwa huo mchoro uko Nairobi, kwa nyumba ya michoro ya serikali.

Asubuhi tulipanda lori ya ndizi ya jirani. Hiyo lori ni mzee, nafikiri Nuhu ndiye aliiuza. Kwa mlima konokono ilitupita, ikatupungia mkono.

Kufika Embu tulishuka kunyoosha miguu. Yangu ilikataa kunyooka. Mama Mwenda amekumbatia kikapu yake, kiondo, ndani githeri ya mahindi na maharagwe, na chupa ya uji.

"Picha haikuli," nikamwambia.

"Baba Mwenda, ulienda kwa mamangu mikono mitupu lini?"

Nikamsaidia kupanda lori.

Nairobi lori ikatushusha soko, tukatembea. Barabara za huko zinaongezwa ukiwa katikati. Tulifika mlangoni nikiwa nimebaki kofia tu.

"Shosho, chakula haiingii," askari akasema.

"Ni ya mamangu."

"Ako wapi?"

"Ukutani."

Askari akanigeukia. "Mzee, mmetoka wapi?"

"Githongo."

"Ai! Mimi ni wa Kibugu, hapo Embu, sisi majirani. Acheni hapa, nitachunga."

Ndani, sakafu inang'aa mpaka niliona shimo ya sweta yangu. Tulipita michoro mingi, moja ni kama mbuzi imeanguka kwa rangi. Mwisho tukaipata: mwanamke anapanda njia ya kahawa, debe mkononi. Ametugeuzia mgongo. Uso hakuna.

Uchovu ya njia yote ikanishukia pale. "Pole, Mama Mwenda. Amegeuka."

Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa. Halafu akacheka.

"Ona bega ya kushoto imeshuka! Ni yeye. Nilikuwa namfuata shamba kila siku, mimi nyuma, yeye mbele. Uso nilikuwa naona jioni tu."

Akaomba, akashukuru Mungu kwa sauti, ombi refu kama masika. Hata watu wengine wakafunga macho.

Kutoka, githeri ilikuwa imebaki nusu. Askari anaangalia dari.

"Mama ameshakula," Mama Mwenda akasema. "Sasa tukule yetu."

Njia ya kurudi alilala kwa bega yangu mpaka nyumbani. Tuliposhuka nikataka kumshika mkono, akakataa.

"Tangulia mbele. Nataka nizoee mgongo yako kabla giza ikuje."

Hiyo kazi ndiyo nilirudi nayo nyumbani kutoka Nairobi. Siku hizi natangulia, polepole, nimejinyoosha kama askari wa gwaride, na vile hii mgongo inauma!