Kikanyagio Chekundu

Nilikuwa mpiga gitaa la solo, lakini kwenye karatasi za kazi niliandikwa mtunza ghala. Ndivyo bendi za mashirika zilivyokuwa. Shirika letu pale Kibaha lilikuwa na bendi, na bendi ilikuwa na magitaa, amplifaya, suti za kitambaa kimoja na sisi wenyewe, vyote mali ya shirika. Asubuhi nilikaa ghalani nikigawa majembe, jioni nikaenda mazoezini. Hata nyuzi nilizozigusa hazikuwa zangu. Ukitaka kuhamia bendi nyingine, sharti upewe barua ya kuachiwa yenye muhuri. Bila barua huna kazi, na Dar siku zile mtu asiye na kitambulisho cha kazi alikuwa akikamatwa na kurudishwa kwao akalime. Kwetu ni Kurui. Naipenda Kurui, ila si kwa jembe.

Basi bendi moja kubwa ya Dar ikanitaka. Kiongozi wao alikuja kutusikiliza tulipopiga Maili Moja, akaniita pembeni, akaniambia nitafute barua, nafasi yangu atanitunzia mpaka mwisho wa mwezi. Tangu siku hiyo kila lori lililopita barabara kuu kuelekea Dar nililionea wivu. Safari ya saa moja tu, na mimi nimekaa juu ya magunia.

Mkuu wetu wa utamaduni, ambaye ndiye aliyeisimamia bendi, alikuwa na shemeji yake dereva wa malori ya Zambia. Siku moja mchana shemeji huyo alisimamisha lori akashuka na vikanyagio viwili vilivyofungwa ndani ya khanga. Kikanyagio ni kisanduku cha chuma kinachowekwa kati ya gitaa na amplifaya. Ukikibonyeza kwa mguu, sauti safi ya gitaa inageuka kuwa ya kukwaruza na kuvuma. Tulikuwa tumevisikia redioni tu. Dereva akaeleza kwamba kimoja ni chetu, na kitakachobaki anakipeleka Dar, kwa bendi ileile iliyonitaka mimi. Kwa kuwa Kibaha iko njiani kabla ya Dar, na kwa heshima ya ushemeji, sisi tuchague kwanza.

Mkuu akaniambia nichague, maana mguu utakaokanyaga ni wangu.

Tulivijaribu kantini. Cheusi kilikuwa kimebanduka rangi na kitufe chake kimoja kimefungwa kwa uzi. Nilipokikanyaga, sauti ikatoka nzito, imejaa, na noti moja nikiishika ilikaa mpaka nimechoka mimi. Chekundu kilikuwa kipya, kinang'aa, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekwangua ukoko wa ugali kwa kijiko cha chuma.

Hapo ndipo ujanja uliponijia, na mpaka leo nauchukia. Nilijiambia, kizuri nikikichagua nitakiacha hapa Kibaha, lakini nikikikataa kitatangulia Dar, nami nitakikuta huko. Nikaanza kukiponda cheusi. Nikasema kimechoka, kitatuaibisha mbele ya watu. Chekundu nikakimwagia sifa, kwamba ndiyo sauti ya kisasa, ila kinataka mtu anayekijua, ukikosea vitufe kinaharibika. Mkuu, ambaye muziki aliusikiliza kwa macho, alikuwa ameshakipenda chekundu kabla sijafungua mdomo. Dereva akakifunga cheusi kwenye khanga yake, akaondoka. Nilikiaga kimoyomoyo, nikakiambia kitangulie.

Wiki iliyofuata nilipeleka ombi la kuachiwa. Mkuu alilisoma taratibu, akavua miwani, akanitazama kwa upole wa baba.

"Kijana wangu, kifaa kile umekichagua wewe, na umetuambia kinataka mtu anayekijua. Ukienda zako, nani atakikanyaga?"

Nilimwambia mtu yeyote mwenye mguu. Akacheka, akalitia ombi langu kwenye droo, kisha akanisifu kwamba nina moyo wa kulipenda shirika. Ningeelewa kama angenifokea. Kusifiwa ndiko kulikoniuma. Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga, lakini hawakusema kwamba kisima chenyewe kinaweza kuwa kidogo hivyo.

Mwezi ukaisha, nafasi ikachukuliwa na mtu mwingine. Miezi kadhaa baadaye nilikuwa ghalani, redio inaimba, wakatangaza wimbo mpya wa bendi ile ya Dar. Solo ilipoingia nilikitambua cheusi kwa noti ya kwanza. Nzito, imejaa, haiachii. Nililia pale pale katikati ya majembe, na mkulima aliyekuja kuchukua lake akasubiri nimalize.

Msimu wa korosho tulipelekwa Kurui kutumbuiza, jenereta likiwa juu ya lori. Kijiji kizima kilikuja kumwona mtoto wao. Nilipokanyaga chekundu, nikaona watu wanatazamana. Wimbo ulipokwisha shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, akaja mpaka mbele. Nikamwamkia, akaitikia, akaniinamia sikioni kwa huruma.

"Mwanangu, spika yenu imechanika. Waambie wakubwa zako wawape nyingine."

Wenzangu walicheka. Mimi nilimweleza kwamba spika ni nzima, sauti ile inatoka kwenye kile kisanduku mguuni, na ndivyo kilivyo. Shangazi akakinyooshea kidole.

"Nani kakuchagulia kitu kama hicho?"

"Nimechagua mwenyewe, shangazi," nikamjibu, na kwa kuwa wenzangu walikuwa wameshaanza wimbo mwingine, nikakikanyaga tena.