Mlango Aliouruka Zeferino

Kijijini kwetu hakuna mwanamke aliyethubutu kuweka mvinyo mezani msimu wa vuli kabla hajampelekea Zeferino Charrua aonje kilichomo chunguni. Tulimwita Mdomo. Alikuwa kinyozi mpaka magoti yalipogoma, lakini kazi yake hasa ilikuwa hiyo. Unampelekea kisahani, anaonja, anafumba macho, kisha anakwambia uende ghala la nani ukajaze jagi. Maharagwe na boga? Nenda kwa Zulmira, mtungi wa pili. Kwale? Mweupe wa akina Banza, ule wenye ukali. Uyoga wa kuchoma? Usubiri wiki moja, bado mvinyo wa kuufaa haujatulia. Niseme kweli, japo nina kinyongo naye mpaka leo: sikuwahi kumwona akikosea.

Huku Alentejo mvinyo wetu huchachia ndani ya mitungi ya udongo mirefu kuliko mtu, na haufunguliwi mpaka Sikukuu ya Mtakatifu Martini, tarehe kumi na moja Novemba. Asubuhi hiyo kila mwenye mitungi hutundika tawi bichi juu ya mlango wa ghala lake na kuuacha wazi. Mdomo alikuwa akipita mlango kwa mlango, bilauri mkononi, nasi nyuma yake na kastanya, zile njugu za vuli, zilizochomwa, mifukoni. Nilipoolewa maghala yalikuwa kumi na tisa. Siku hizi ni matano. Katika Martini ishirini na tisa mfululizo, alikuwa na mlango mmoja aliouruka, nao ni wa Custódio, mdogo wake wa tumbo moja.

Chanzo chake ni aibu kukisimulia. Baba yao alifariki siku kumi kabla ya Martini. Custódio, ndiye aliyerithi ghala, aliona wachimba kaburi wamelowa na wana baridi, akaufungua mtungi wa marehemu awape cha kupashia mwili. Zeferino akapokea bilauri mbele ya waombolezaji, akaonja, akautema chini. "Siki," akasema. "Umeshindwa kumngojea Martini hata baba akiwa bado yuko ndani?" Mvinyo ulikuwa mbichi kweli. Lakini hutemi mvinyo wa baba yako mbele ya jeneza lake. Cha ajabu ni kwamba aliyetemewa ndiye aliyesahau haraka, na aliyetema ndiye aliyenuna miaka ishirini na tisa.

Hakumkataza mtu kwenda kwa Custódio. Hilo nalitaja kwa sababu wengi hujitetea nalo. Hakulitaja jina lake tu. Ila mvinyo ambao Mdomo hajautaja, nani aupeleke mezani mbele ya wakwe? Kila mwaka Custódio alitundika tawi lake, akafagia sakafu, akapanga bilauri kumi na mbili, akakaa kwenye kigoda na mlango wazi. Sisi tulipita upande wa pili wa barabara, tukimsalimia kwa adabu kama watu wema. Hata nywele alikwenda kunyolewa mjini, kwa basi. Mkewe Idalina alipokuwa bado hai, walikaa wawili. Alipofariki, akakaa peke yake. Bilauri zilibaki kumi na mbili.

Mwaka jana, Jumapili baada ya Martini, roho ilinisuta. Nilikuwa na sungura pori wa kupika Alhamisi, nikaenda kwa Custódio na jagi mkononi. Aliniangalia kana kwamba nimepotea njia.

"Umetumwa?" akauliza.

"Sijatumwa, mjomba. Nimekuja mwenyewe."

"Perpétua wewe, watakucheka."

"Wacheke. Meno ni yao."

Alicheka. Akafungua bomba la mbao chini ya mtungi, akajaza jagi mpaka ukingoni, akakataa hela. "Chukua, mwanangu. Ndio wa mwisho huu." Nikadhani anajishusha tu, kama wazee wanavyosema wanapokupa kitu. Sikuuliza zaidi, na ilinipasa kuuliza.

Alhamisi nikampelekea Mdomo sungura na majagi manne. Matatu ya maghala anayoyajua, la nne la Custódio, nikalificha nyuma ya kikapu cha mkate.

"Mjomba, onja basi, sungura anapoa."

"Sungura wako hana haraka. Alishakimbia vya kutosha."

Akaonja la kwanza. "Huu unamfunika sungura." La pili. "Huu unamkimbia." La tatu, akakunja uso. "Huu mwambie Zulmira aoshee vyombo. Mwanangu, mwaka huu sungura huyu hana mvinyo kijijini. Mnywee maji."

"Na huu?"

Akaonja. Akatafuna kipande cha nyama, akaonja tena, akafumba macho kama kawaida yake, ila safari hii hakuyafumbua upesi. Baba yao alikuwa akipaka mitungi yake kwa ndani utomvu wa msonobari uliochanganywa na nta, kwa kipimo kilichojulikana nyumbani mwao tu, na harufu yake hubaki kwenye mvinyo.

"Hii nta ya baba," akasema.

Nikamsogezea mkate.

"Amekuwa akiufanya hivi siku zote?"

"Mimi nitajuaje, mjomba? Hukutuambia twende."

Nilikusudia imchome, na ilimchoma. Akajimiminia tena, na tena. Hakuninyooshea jagi hata mara moja. Alikula na kunywa kama mtu aliyetoka kifungoni, na ulipokwisha akachukua kipande cha mkate akafuta sehemu ya ndani ya jagi, akakila. Kisha akasimama, magoti yakilia.

"Nipe koti. Funika sahani iliyobaki, weka na mkate, tunakwenda navyo."

"Wapi?"

"Kwa mdogo wangu. Vuli hii nitawatuma wote kwake. Wa nguruwe, wa kastanya, hata huyo anayepika supu ya dengu. Watapanga foleni mpaka kanisani."

Nakiri nilifurahi. Tuliteremka barabarani, mimi na sahani, yeye na fimbo. Zulmira akatoa kichwa dirishani.

"Mjomba Zeferino, umepotea?"

"Wewe kaa kimya na siki yako!" akamjibu, na nilikuwa sijamwona akitembea mwendo ule kwa miaka kumi.

Mbele ya ghala la Custódio tulisimama. Mlango haukuwepo. Fremu ilikuwa imeng'olewa pamoja na matofali ya kando, vumbi la chokaa limetapakaa mpaka njiani. Asubuhi nilikuwa nimeona lori likipita, nikadhani la zeituni. Novemba malori ya zeituni yanapita kutwa. Ndani, sakafuni, palikuwa na miduara mitatu mikubwa isiyo na vumbi. Custódio alikuwa kwenye kigoda chake, ufagio mkononi.

"Wamesema milango ya zamani ni myembamba," akatueleza, kana kwamba tulikuja kila siku. "Mitungi imekwenda pwani, kwenye hoteli. Watapandia maua."

"Na mvinyo?" Zeferino akauliza. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Ni ule aliopewa Perpétua. Uliobaki niliumwaga shambani, kwenye mizabibu. Wao walitaka mitungi mitupu."

Mitungi ile hakuna anayejua kuifinyanga tena. Waliokuwa wakiifinyanga walikufa kabla sijazaliwa. Zeferino alijua hilo kuliko mimi. Aliingia akasimama katikati ya duara moja, akaangalia chini, akalia kwa sauti, mzee wa miaka themanini na moja, na mimi nikabaki mlangoni nimeshika sahani nisijue pa kuiweka. Nilitaka kumhurumia. Nilishindwa. Kisha nikajikumbuka mimi nilivyokuwa nikipita upande wa pili wa barabara, nikashindwa kujihurumia pia.

"Kaa basi, kaka," Custódio akasema. Alitoa meza ndogo, akafuta vumbi bilauri mbili kati ya zile kumi na mbili, akazijaza maji kwenye bomba la uani. Nikaweka sahani. Akaonja sungura wangu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu, bila kumtazama kaka yake, akauliza:

"Ulikuwaje?"

Nikafahamu kwamba alikuwa amengoja miaka ishirini na tisa kuliuliza swali hilo, na kwamba angepokea jibu lolote.

"Sijapata kunywa kama huo," Zeferino akasema. "Tangu nizaliwe."

Custódio akafikiri kidogo, kwa haki, kama fundi anayekadiria kazi yake mwenyewe.

"Huu ulikuwa wa kawaida tu," akasema. "Ungeonja ule wa mwaka aliofariki Idalina."

Zeferino alimega mkate, akamsogezea mdogo wake kipande kikubwa, wakala sungura kwa maji.