Vifaranga wa Mama Mwende wamenifungia saiba

Fundi wenu leo ameshindwa na vifaranga sita.

Mama Mwende aliniita saiba yake, kibanda cha intaneti hapa Kathonzweni. Kompyuta yake kuukuu ilikuwa inaitisha paswadi kila asubuhi, na kuzima ilikataa kabisa.

Mimi niliyetengeneza mashine hadi Mombasa? Dakika kumi tu. Sasa inafunguka bila paswadi, na ukiiacha kidogo inajizima.

Ikajizima. Nikamwambia, "Mama, sikia hiyo amani."

Nyuma ya mashine tukasikia: piu, piu.

Mama Mwende akasema, "Fundi, umewazimia jiko."

Kumbe mwewe alibeba mama yao juzi, na hapo ndipo wanaota joto.

Nimeiwasha tena, na tangu saa nane natingisha mausi ili mashine isijizime, maana nilipogusa kwenye setingi sipakumbuki.

Mnaojua, semeni haraka. Watoto hawa sita wananiangalia.