Viatu Mlangoni kwa Tajiri wa Dhahabu

Juzi mjukuu wangu alinipeleka Parktown, kwenye jumba la kale la tajiri mmoja wa dhahabu, ambako watu huenda kutazama picha zilizokusanywa na ukoo wake. Njia nzima kutoka kwetu Bellevue alinisihi, "Bibi, plizi, leo usiniaibishe."

Mlangoni nikaona zulia jekundu, nene kama godoro. Sauti ya marehemu mama ikanijia palepale: "We mtoto, zulia la watu hilo!" Nikavua viatu, nikavipanga pembeni.

"Bibi, vaa!" mjukuu akaziba uso kwa viganja. "Watu wanatuangalia!"

Mlinzi, kijana wa Kikongo, akacheka. "Mama, huku banaingiaka na viatu."

"Na kwa mama yako unaingia navyo?"

Akatazama buti zake.

Basi nikaingia pekupeku, mjukuu akinifuata kwa mbali kama hanijui. Nyuma yetu likaja kundi la Wazungu. Walipoona viatu vimepangwa mlangoni walidhani ndiyo sheria ya nyumba, wakavua wote bila kuuliza. Tulipofika kwenye picha ya tajiri mwenyewe na masharubu yake, chumba kizima kilikuwa soksi tupu, na kidole gumba kimoja kikichungulia tunduni.

Bibi mmoja wa Kizungu, rika langu, akamgusa mjukuu begani, akamnyooshea kidole miguuni.

"Viatu, binti," akamwambia kwa Kiingereza. "Hii ni nyumba ya watu."

Mjukuu akanigeukia nimtetee. Mimi nikaendelea kuyatazama masharubu ya tajiri, kama simjui.