Tumbo Langu Mbele ya Baba Yake Hodan

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimejicheka hadi mbavu zikaomba likizo, lakini siku ile ukumbini mtaani Galbet ningeona shimo la panya ningeingia na viatu.

Daktari Wafula, mtafiti mmoja mpole, alikuwa ametengeneza tumbo la binadamu ndani ya kompyuta (linabana, linalegea, linasukuma chakula kuelekea utumbo, yote kwa hesabu), akataka kulilinganisha na tumbo hai mbele ya watu, na mimi, mwenye duka na mwanafunzi wa masomo ya jioni, nikajitolea kabla hajamaliza sentensi. Sharti moja tu: nije bila kula, uji wa kupimia atanipa mwenyewe ukumbini.

Sasa asubuhi hiyo ya Jumatatu nikapita kwa Mzee Bare, ambaye nilikuwa nimemposa binti yake Hodan na jibu bado nalingoja. Akaniwekea anjera, ile mikate laini ya maji, na chai ya maziwa ya ngamia, na badala ya kumweleza habari za kompyuta (angeuliza maswali hadi Idi) nikamwita ami kwa heshima, "Adeer, nimefunga."

"Sunna ya Jumatatu? Mashallah." Uso ukamng'aa kama aliyenunua ngamia kwa bei ya mbuzi.

Kumbe akautangaza uchamungu wangu mtaa mzima, kisha akaja ukumbini na wazee wenzake wamwone mkwe. Nilimwona pale mbele nikiwa nameza tonge la mwisho la uji wa daktari.

Nikalazwa mezani, shati juu, mashine tumboni. Ukutani zikamulikwa picha mbili: upande mmoja tumbo la kompyuta linasukuma uji kwa bidii. Upande wa pili langu, kimya, limeganda kwa hofu.

"Ajabu, halisogei," akasema daktari. "Una wasiwasi?"

"Hapana," nikasema, jasho likitosha kujaza lori la maji la kambi ya Dadaab.

Mzee Bare akasogea na bakora yake. "Adeer," akanirudishia neno langu, "si ulifunga?"

Akanyoosha bakora kwenye picha ukutani.

"Wewe umekula, lakini hii tumbo imekataa kazi. Tumbo yako iko na dini kushinda wewe." Ukumbi ukaangua kicheko, naye hajamaliza. "Tumbo nimekubali ioe. Wewe bado nafikiria."

Daktari alikiri kwamba kompyuta yake haikuwekewa hofu ya baba mkwe.

Mzee anafikiria mpaka leo. Nami nimeapa kwamba nisipotaka chakula cha mtu nitaeleza sababu yote, na kompyuta ndani, hata chai ipoe. Na siku hizi nafunga kweli, maana kila Jumatatu mchana Mzee Bare huja dukani kwangu na sambusa za moto, anaziweka mezani, anakaa, ananiangalia.