Kiyoyozi cha Mama Mkwe

Miaka ile biashara ilipofunguliwa na maduka ya mjini yakaanza kujaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu, nilinunua kiyoyozi cha mtumba, kile cha kukaa dirishani. Fundi aliyeniuzia alikuja kukifunga chumbani kwetu, mtaa wa Mafiga. Majirani walikuja kukishangaa, nami nikajiona mtu kweli.

Kisha mama mkwe akashuka kutoka milimani, juu ya Mlali, kuja kutibiwa presha. Kule kwao watu hulala na blanketi mwaka mzima, na joto letu la Februari lilimwelemea. Akawa anashinda koridoni, mgongo ukutani, anajipepea kwa mfuniko wa sufuria. Daktari alishasema joto halimfai. Mke wangu akambembeleza walale wote chumbani kwetu, mimi nihamie sebuleni. Akakataa katakata.

"Kitanda cha mkwe nakilaliaje, mwanangu? Hata mlango wake sitakiwi kuuchungulia."

Nikawa nalala kwenye ubaridi huku mama wa watu anaungua upande wa pili wa ukuta. Dhamiri ilinisuta mpaka nikaamua kuking'oa kile kiyoyozi nikifunge kwenye chumba chake, katika dirisha lililokuwa juu ya kitanda.

Kazi niliifanya mwenyewe. Mimi ni seremala, na sipendi kumwona fundi mwingine ameshika bisibisi nyumbani kwangu. Nilifungua uso wa mbele, nikatoa chujio lililofunikwa na vumbi, nikaliosha kwa sabuni na kulianika kivulini. Nikapitisha brashi laini kwenye vile vibati vyembamba vinavyopoza hewa, taratibu, visije vikapinda. Kompresa sikuigusa, maana ile si ya kuchezewa. Wakati wa kukitoa nilikuwa nimeona kimelalia nyuma kidogo, nikamcheka yule fundi kwamba hata kunyoosha kitu hajui. Mimi nilikifunga kwa pima maji. Kikanyooka sawasawa.

Kesho yake mama mkwe alinishukuru kwa mbali, kichwa ameinamisha, kama ilivyo desturi yetu. "Ahsante, baba. Nimepata usingizi."

Siku chache baadaye mke wangu alinivuta jikoni. Akaninong'oneza kwamba mama anakojoa kitandani. Alikuwa amekuta godoro limelowa, akamuuliza, na mama yake akamjibu, "Uzee huo, mwanangu." Sasa wametandika nailoni chini ya shuka, na yeye ameanza kumnyima mama yake uji wa jioni. Alisema hayo huku akifuta machozi.

Walipokwenda kliniki, niliingia chumbani mle kusafisha chujio. Nilikuwa nimeegemea kitanda kwa mkono mmoja, tone la maji likaniangukia. Likafuata jingine. Hapo ndipo nilipoelewa. Kiyoyozi hunyonya unyevu wa chumbani, na maji yake hutoka kwa nyuma, nje ya nyumba, ndiyo maana yule fundi alikilaza. Mimi na pima maji yangu nilikuwa nimeyarudisha ndani. Kwenye kingo za dirisha palikuwa na kipande cha kanga, kimekunjwa vizuri na kusokomezwa chini ya mashine. Kilikuwa chepechepe.

Kumbe alijua maji yanatoka wapi. Amekubali kuonekana kikojozi mbele ya mwanawe kuliko kumwambia mkwe kwamba amefunga vibaya. Nilikaa kwenye lile godoro bichi, nikajichukia.

Nikakiinua kwa mbele kwa kipande cha mbao, nikasubiri mpaka nikasikia maji yakidondoka nje. Godoro nikalitoa juani. Mke wangu aliporudi nilimweleza yote, akashindwa hata kunigombeza. Aliketi tu, anarudia, "Nimemnyima uji mama yangu."

Asubuhi shuka lilikuwa kavu. Nilisimama mlangoni kwa mama mkwe, upande wa nje, nikamwamkia, kisha nikaanza yale niliyoyapanga. "Mama, naomba unisamehe. Yale maji yalikuwa ya ile mashine, mimi ndiye..."

"Ni dawa za hospitali, baba," alinikatiza, macho sakafuni. "Zimenisaidia sana. Kazi yako haina kasoro."